Steringi Anapokwenda Kuomba Radhi

  

Leo tunamzungumzia muuaji anayewindwa. Hadithi za namna hii mnazijua. Kuna mtu amefunzwa kuua, akaua kweli kweli, kisha wale wale waliomfunza wakamgeuka na sasa wanaitaka roho yake. Anakimbia nchi hadi nchi. Anapigana kwa mikono, kwa bunduki, kwa chochote kilicho karibu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, tukibanana kwenye mabenchi ya mbao, mwisho wake tulikuwa tunaujua kabla mkanda haujaanza: steringi hafi. Wengine watakufa, tena wengi, lakini yeye atatoka mzima.

Sasa nawauliza, wasikilizaji. Wale wengine wanaokufa ni nani? Wana watoto? Nani anakwenda kuwaambia watoto wao kilichotokea? Ni maswali ambayo filamu za mapigano haziyagusi. Adui anapigwa risasi, anaanguka, kamera inasonga mbele, na sisi tunasonga nayo. Lakini ipo filamu moja iliyosimama ikajiuliza, na ndiyo nataka tuizungumze leo. Inaitwa The Bourne Supremacy, ilitoka mwaka 2004. Ni sehemu ya pili ya hadithi ya Jason Bourne, anayeigizwa na Matt Damon. Sehemu ya kwanza, The Bourne Identity, ilitoka mwaka 2002 na iliongozwa na Doug Liman. Hii ya pili iliongozwa na Mwingereza, Paul Greengrass.

Najua wengi mmeiona. Na najua wengine mmezoea kuangalia filamu kama hizi zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, kwa mtindo uliovuma kupitia Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya. Ni mtindo mtamu, na umewafungulia mlango watu wengi. Leo tuitazame hii taratibu zaidi.

Tuanze na hadithi yenyewe. Bourne amepoteza kumbukumbu. Aliwahi kuwa muuaji wa siri wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, chini ya mpango ulioitwa Treadstone, lakini maisha yake ya nyuma yamefutika kichwani. Mwanzoni mwa sehemu ya pili tunamkuta Goa, India, kando ya bahari, akiishi kwa kujificha na mwanamke anayempenda, Marie, ambaye ameigizwa na Franka Potente. Usiku Bourne halali vizuri. Anaota vipande vipande: chumba cha hoteli, mwanga, mtu anageuka. Akiamka anaandika kwenye daftari kila kilichobaki kichwani. Marie ndiye anayemtia moyo aandike. Mkumbukeni Marie, wasikilizaji, kwa sababu filamu nzima iko begani kwake, ingawa hakai sana.

Huko Berlin, wakati huo huo, mtu mmoja anaitwa Kirill anawaua watu wawili, mmoja wao afisa wa CIA, anaiba mafaili na fedha, na anaacha pale alama ya kidole ya Bourne. Kwa hiyo Wamarekani wanaamini Bourne amerudi kazini. Kirill naye anapanda ndege kwenda Goa kulimaliza jambo, maana mtu aliyekufa hawezi kujitetea. Mmeona ujanja wake? Mtu amekaa zake mbali, amenyamaza, hana habari na lolote, na jina lake linachafuliwa huko Ulaya.

Bourne anamwona Kirill mtaani na kumshuku papo hapo. Anamchukua Marie, wanakimbia kwa gari. Kirill anawafuata. Karibu na daraja Bourne anamwachia Marie usukani, kwa sababu anapanga kuruka garini ng'ambo ya pili amkabili huyo mtu. Wanabadilishana viti gari likiwa mbioni. Na hapo kuna maneno machache yanayosemwa haraka haraka, ambayo ukiwa umebanwa na mbio za gari unaweza usiyasikie. Marie anamwambia kwamba kwa njia hii mambo hayatakwisha kamwe. Bourne anasema hawana la kuchagua. Marie anamjibu kwamba yeye Bourne analo la kuchagua. Kabla Bourne hajatia neno, risasi inaingia.

Kirill alilenga kiti cha dereva. Alijua dereva ni Bourne.

Gari linatumbukia mtoni. Chini ya maji Bourne anajaribu kumpulizia Marie pumzi yake, mdomo kwa mdomo, mara hii, mara ile, mpaka anaelewa kwamba hakuna anayeipokea. Anamwachia. Hata nusu saa ya filamu haijafika! Kwenye filamu nyingine mwanamke wa steringi akifa, kifo chake kinakuwa ruhusa. Sasa steringi amepewa kibali cha kuua kila mtu, na sisi watazamaji tunapiga makofi kwa sababu ana haki. Hapa ni kinyume. Marie ameondoka akiwa ameacha hoja mezani, kwamba Bourne ana uwezo wa kuchagua, na yule mtu anabaki na saa moja na nusu ya kuijibu hoja ya mwanamke ambaye hayupo tena.

Nairudia, kwa sababu ndiyo kiini cha ninachotaka kusema leo. Marie alisema unaweza kuchagua. Kila kinachofuata ni Bourne kujifunza kama hilo ni kweli.

Tazameni anavyojifunza kwa shida. Anachoma vitu vya Marie, anabakiza picha moja tu, kisha anaondoka India. Anajitokeza Naples akiwa na pasi yenye jina la Bourne, kwa makusudi, ili wanaomtafuta wamwone. Anafika Munich, nyumbani kwa mtu aliyekuwa muuaji wa mpango ule ule wa Treadstone. Watu wawili waliofunzwa darasa moja wanapigana sebuleni na jikoni. Mmoja anashika kisu. Bourne anakunja gazeti la picha, analikaza likawa gumu kama kipande cha mti, na anapigana nalo. Mapigano yale yamejengwa juu ya Kali, sanaa ya kupigana ya Ufilipino, ambayo humfunza mtu kutumia fimbo, kisu au chochote mkononi. Wengi wanalikumbuka lile gazeti, na ni haki yao, ubunifu wake ni wa hali ya juu. Mimi nakumbuka mwisho wake. Bourne anamnyonga yule mtu kwa kamba, na inachukua muda mrefu, mrefu kuliko tulivyozoea. Miguu inapiga sakafu. Pumzi zinakoroma. Husikii muziki wa kukushangilia. Na ukimtazama Bourne usoni, huoni ushindi hata chembe. Hapo alichagua alichokizoea, na Greengrass anataka utazame mpaka mwisho kuchagua huko kunafananaje.

Nifungue mabano kidogo nimzungumzie Greengrass, kwa sababu bila yeye filamu hii isingekuwa hivi. Huyu bwana alianzia kwenye televisheni ya Uingereza, kwenye vipindi vya uchunguzi wa kihabari. Mwaka 2002 alitoa filamu inayoitwa Bloody Sunday, kuhusu tarehe 30 Januari 1972, siku ambayo wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, na watu 13 wakafa siku ile ile. Aliipiga kwa kamera ya kushikwa mkononi, inayotetemeka, inayokimbia na watu kana kwamba mpiga picha naye anaogopa kupigwa. Mtindo huo ndio aliokuja nao kwa Bourne. Wapo waliolalamika kwamba kamera inawatia kizunguzungu, na sitawabishia, kuna mahali inazidi. Lakini mwongozaji aliyekwisha kusimulia habari za wafu wa kweli hawezi kumwangusha mtu chini kwenye filamu akapita tu.

Na sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kumjua. Mwaka 2013 aliongoza Captain Phillips, kuhusu meli ya Maersk Alabama iliyotekwa na maharamia wa Kisomali mwezi Aprili 2009 ikiwa safarini kuja Mombasa. Mle ndani kiongozi wa maharamia aliigizwa na Barkhad Abdi, kijana mzaliwa wa Mogadishu ambaye hakuwahi kuigiza kabla, na akapendekezwa kuwania Oscar. Greengrass alitaka umwone mwenye bunduki kama mtu, mwenye hofu na bosi wa kumjibu. Nafunga mabano.

Turudi Berlin. Bourne anafika huko na kumbukumbu inaanza kukaa sawa. Anagundua kwamba zile ndoto ni za kazi yake ya kwanza kabisa. Aliingia Hoteli ya Brecker, chumba namba 645, kumwua mwanasiasa wa Kirusi anayeitwa Neski. Kosa la Neski ni lipi? Alikuwa karibu kusema nani aliiba dola milioni 20 za CIA. Walioiba ni bosi mmoja wa CIA, Ward Abbott, akishirikiana na tajiri wa mafuta wa Kirusi. Kwa hiyo Bourne hakuwa akilinda taifa lolote. Alitumwa kufunika wizi.

Kuna la kuumiza zaidi. Siku ile mke wa Neski hakutarajiwa kuwepo. Alikuja ghafla. Bourne alimwua naye, kisha akapanga chumba kionekane kwamba mke ndiye aliyempiga risasi mumewe na akajiua mwenyewe. Hivyo ndivyo polisi walivyoandika. Hivyo ndivyo dunia ilivyoamini. Na wale wawili walikuwa na binti.

Hebu tulifikirie hili kwa mazingira yetu, wasikilizaji. Binti anakua akijua kwamba mama yake alimwua baba yake. Mnajua mtaa unavyosema. Mnajua akipita dukani watu wanavyonyamaza, na akishapita wanavyoendelea. Mnajua siku ya kuja kuposwa upande wa pili watakavyouliza, tena kwa adabu, kuhusu ule ukoo wa mamake. Aibu ya namna hiyo inarithiwa kama shamba. Bourne hakuwachukua wazazi peke yao. Alichukua na haki ya mtoto ya kumlilia mama yake bila kumlaani.

Bourne anapata nafasi ya kulipiza kisasi, na anaipata mara mbili. Ya kwanza ni kwa Abbott. Anamkuta chumbani, anamwekea bastola kichwani, anamrekodi akikiri yote. Kisha hafyatui. Anamwambia kwamba Marie asingependa. Abbott anabaki na bastola mezani, na baadaye anajiua mwenyewe mbele ya Pamela Landy, afisa wa CIA aliyekuwa akimwinda Bourne kwa uaminifu na sasa anajua ukweli. Huyo Landy, aliyeigizwa na Joan Allen, anastahili kipindi chake peke yake: mwindaji anayekubali kwamba ameonyeshwa mnyama asiye sahihi, na akabadilika bila kutafuta visingizio.

Nafasi ya pili ni Moscow, na Kirill. Hapa ndipo kwenye zile mbio za magari ambazo watu wanazisifu mpaka leo. Bourne amekwisha kuumia mguu Berlin aliporuka darajani na kuangukia tishari la mizigo, anachechemea. Moscow anapigwa risasi begani. Anaingia kwenye duka kubwa, damu inamtoka, anachukua ramani, anachukua chupa ya vodka. Ya nini vodka? Anajimiminia kwenye jeraha akiwa nyuma ya usukani wa teksi ya manjano aliyoiiba. Hiyo ramani nayo anaifungua akiendesha, anasoma majina ya mitaa huku polisi wako nyuma yake na Kirill na gari lake kubwa jeusi yuko ubavuni. Hiki ndicho ninachokipenda kwenye utengenezaji wake: huyu mtu hajui njia! Steringi wetu wa kawaida anajua kila uchochoro wa kila mji duniani.

Walipiga picha zile kwa chombo maalumu kilichobuniwa na timu ya Dan Bradley, msimamizi wa michezo ya hatari, ambapo dereva wa kweli anakaa kwenye kiti kingine nje ya picha, na mwigizaji anabaki ndani ya teksi akitupwa huku na huku kweli. Ndiyo maana uso wa Damon unaaminika. Miaka minne baadaye Bradley huyo huyo alifanya kazi kwenye filamu ya James Bond, Quantum of Solace. Mmoja wa majasusi wakongwe wa sinema alikuja kujifunza kukimbia kwa huyu mchechemeaji.

Mbio zinaishia kwenye handaki. Gari la Kirill linagonga nguzo ya zege. Bourne anatoka, anasogea na bastola, anamtazama mtu aliyemwua Marie akiwa amebanwa garini, hawezi kitu. Anamlenga. Halafu anaondoka.

Kibandani, hapa watu wangepiga kelele. Mmalize! Na mimi nawaelewa, moyo unataka hivyo. Lakini kama umemsikiliza Marie pale darajani, unajua anachofanya Bourne. Anamjibu.

Sasa jambo lenyewe. Mtu ameshinda. Maadui wamekwisha. Filamu ya kawaida ingeishia hapo handakini. Kwa nini basi Bourne alikwenda Moscow? Hakumfuata Kirill. Kirill ndiye aliyemfuata. Bourne alikwenda kumtafuta binti wa Neski. Anaitwa Irena, na ameigizwa na Oksana Akinshina. Irena anaingia nyumbani kwake, nyumba ndogo ya ghorofani, anamkuta mwanamume amekaa, amelowa damu. Bourne anaanza kuzungumza naye kwa Kirusi. Anamwambia ameona picha yake alipokuwa mdogo, na kwamba ni mkubwa kuliko alivyofikiri. Kisha anamwambia ukweli. Mama yako hakumwua baba yako. Mama yako hakujiua. Ni mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na baba yako ndiye niliyetumwa kumwua, mama yako hakupaswa kuwepo. Anamwambia kwamba jambo hili kulijua kunabadilisha mambo, na mtu aliyenyang'anywa anachokipenda anahitaji kujua ukweli. Anasema samahani.

Huyu ni nani anayemwambia mwenzake kwamba aliyenyang'anywa anahitaji kujua? Ni mtu aliyemwachia Marie mtoni.

Kwetu mtu akiwa na kosa kubwa hivi haendi peke yake. Anatanguliza wazee, wanaketi, wanasema kwa niaba yake, na waliokosewa nao wana wazee wao. Kuna utaratibu unaomsaidia mkosaji kusimama na unaomsaidia mkosewa kuvumilia kusikia. Bourne hana mzee, hana ukoo, hata jina lake la kweli halijui. Amekwenda mikono mitupu, na yule binti naye yuko peke yake. Na filamu ina adabu ya kutompa Irena maneno ya kusamehe. Hasemi nimekusamehe. Analia. Bourne hamwombi zaidi, anainuka na kuondoka akichechemea kwenye theluji. Mimi naona huo ni uamuzi wa heshima kubwa, kwa sababu kusamehe ni kwake Irena, na hakuna mwandishi wa filamu mwenye haki ya kumharakisha.

Je, inatosha? Hapana. Bourne hakufika mahakamani. Alikiri kwa binti, hakukiri kwa sheria. Na kuna jambo jingine linanisumbua, lazima niliseme. Dakika chache kabla ya kwenda kuomba radhi kwa vifo viwili, ameponda magari ya watu wa Moscow ambao hawakuwa na habari naye, watu waliokuwa wakirudi makwao. Kamera iliyomfuata Irena mpaka chumbani haikurudi kumtazama hata mmoja wao. Filamu inayotufundisha kuwahesabu wafu yenyewe imesahau kuwahesabu majeruhi. Naipenda sana, na bado hilo naliona ni deni.

Lakini linganisheni na zile zinazomfuata muuaji anayewindwa siku hizi. Mwaka 2017 ilitoka John Wick: Chapter 2, ya Keanu Reeves, imepigwa kwa ustadi mkubwa, na muuaji mle anapewa saa moja tu kabla dunia nzima ya wauaji haijaanza kumsaka. Ni nzuri kwa macho. Wanaoanguka mle ni wengi mno, na sijui hata mmoja wao alikuwa mtoto wa nani. Nikiweka zote mbili pamoja, ya Bourne ndiyo inayobaki na mimi, na kwa wazazi wanaotazama na vijana wao, ndiyo ninayoipendekeza. Mkifika pale kwa Irena, simamisheni mkanda, muulizeni kijana: wewe ungekwenda?

Neno moja la mwisho kwa watakaoitafuta. Baada ya Moscow kuna kipande kifupi cha New York, Bourne anampigia simu Landy, na Landy anampa jina lake halisi, David Webb, na mahali alipozaliwa, Nixa, jimbo la Missouri. Msidhani ni nyongeza tu. Sehemu ya tatu, The Bourne Ultimatum ya mwaka 2007, iliyochukua Oscar 3, inaanzia Moscow usiku ule ule, jeraha lile lile bado linavuja, na simu ile ya New York utaikuta tena katikati, safari hii ukijua kwa nini alipiga. Kwa hiyo zitazameni kwa mpangilio, ya pili kisha ya tatu, na ikiwezekana mfululizo.